Tonge la Mama wa Bwana Harusi

Nawaambieni mwenyewe kabla hamjayasikia kwa watu wa kijijini kwetu Quitunda.

Mama mkwe wangu alipatwa na kiharusi, mikono haimtii tena, na mimi ndiye ninayemlisha. Kila Wifi Zainabu, binti yake, akiniambia, "Wifi, niachie mama siku moja upumzike," namjibu, "Nipumzike nimefanya nini? Mimi chuma!"

Jumamosi akaniburuta harusini, mama tukamwachia jirani. Tukakaa wanawake watano kwenye sinia moja la wali na samaki. Kulia kwangu alikaa mama wa bwana harusi, mgeni wa heshima kutoka Mtwara, dhahabu mpaka karibu na viwiko.

Wifi akaanza tena, sasa mbele za watu: eti nimekonda, eti nasinzia nimesimama.

"Sijachoka hata kidogo!" nikamkatiza. Nikaendelea kujisifu, na mkono nao ukaendelea na kazi uliyoizoea. Ukachambua miba, ukafinyanga tonge, ukalipeleka kulia, mdomoni.

"Tafuna taratibu, mama. Usiteme."

Nikamfuta na midomo kwa ncha ya kanga yangu.

Wifi kaganda, mkono hewani. Ndipo nikaiona ile dhahabu.

Mgeni akatafuna, akameza.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Na wewe, nani anakulisha?"

Nikainamisha uso kwa haya. Mbele ya wenzangu sinia lilishabaki tupu. Mbele yangu wali ulikuwa haujaguswa.