Bafta kwenye Tuta la Reli

Juzi, nikitoka Lindi mjini, niliona mafundi wakishusha bomba jipya kubwa la kupitishia maji ya mvua kwenye tuta la reli ya zamani. Harufu ya tope jeusi ikanirudisha utotoni.

Alasiri moja mama alinishika mkono, tukakaa juani tukiwatazama wanaume wakifukua bomba lililoziba chini ya tuta hilohilo ili waweke jipya. Alipakata kitambaa cha bafta nyeupe kinachonukia karafuu maiti. Nilijua ni cha gauni langu la Idi.

"Shikamoo mama. Unasubiri nini?" fundi aliuliza.

"Marahaba. Chimbeni tu, wanangu."

Kila walipotoa tope, mama aliinuka akachungulia. Hakikutoka kitu ila mchanga na majani yaliyooza. Walipokwisha kulifukia bomba jipya, aliikunja bafta tukarudi nyumbani bila kupita kwa mshonaji, nami nikalia njia nzima kwa ajili ya gauni langu.

Nilikuwa mkubwa nilipoambiwa kwamba kaka yangu Sefu, ambaye sikumkuta, alisombwa na mafuriko akaingia kwenye bomba lile, asionekane upande wa pili.

Mama alishafariki. Jana nilirudi pale tutani, nikakaa juani. Fundi mmoja kijana akaniamkia, akauliza nasubiri nini.

"Chimbeni tu, wanangu," nikamjibu, huku nimepakata bafta ya mama.