Rotile Iliyokataa Kukazwa

Pale Sake, barabara ya Masisi inapoachana na ile ya Minova, kuna mwanamke anayetengeneza magari. Anaitwa Bibiche. Alizaliwa Walikale, katika ukoo wa wawindaji, na mpaka alipokuwa msichana mkubwa alikuwa bado hajapanda gari. Alikuja Sake kuishi na shangazi yake, aliyewapikia mafundi maharage. Kila alipotumwa kupeleka sahani gereji, alichelewa kurudi. Papa Nestor, mwenye gereji, alichoka kumfukuza. Akamwambia, "Kama unabakia hapa, basi shika kle."

Akazishika hizo spana. Vita vilipokaribia, watu wa Sake walikimbilia upande wa Goma. Bibiche alizifunga kle zake katika gunia lililolowa mafuta machafu ya injini, akazifukia chini ya migomba nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuta mabati yameng'olewa na mlango umekwisha kuwa kuni za mtu. Gunia lilikuwapo. Papa Nestor hakurudi. Alibaki Minova kwa watoto wake. Basi Bibiche akaanza gereji yake mwenyewe: turubai, magogo ya mkaratusi ya kuegemeza magari, na kriki ya kuyainulia.

Jumamosi moja asubuhi jeep ya dereva Hakorimana iliingia ikigonga upande wa kushoto kama mtu anayebisha hodi. Ilikuwa imejaa wanakwaya waliokuwa wakipanda Masisi kuimba kwenye harusi. Bibiche alilala chini, akatikisa gurudumu, akatoka.

"Kaka Hakorimana, rotile imekwisha. Kidogo tu ingetoka."

Rotile ni kile kifundo chenye kichwa cha mviringo kinachoshika gurudumu kwenye mkono wa chini wa gari. Kikichomoka, gurudumu linalala, na gari linaenda linakotaka lenyewe. Hakorimana alikimbia sokoni akaleta mpya. Bibiche aliwashusha abiria na mizigo, akatoa gurudumu, akaivua ile mbovu, akaweka mpya mahali pake, akaanza kukaza ekru, ile nati yake.

Mwanzoni iliingia vizuri. Kisha ikafika pale penye kile kipete cha plastiki ndani ya ekru, kinachoibana isilegee njiani. Hapo msumari wa rotile, ule mguu wake unaovishwa ekru, ukaanza kuzunguka pamoja na ekru. Kle inazunguka, ekru inazunguka, msumari unazunguka, hakuna kinachokaza. Bibiche aliubana kwa chuma kirefu, ulizunguka. Aligonga kwa nyundo, ulizunguka.

"Iko nini tena?" aliuliza Mama Joséphine-Marie, kiongozi wa kwaya, mwanamke mwenye mwili na sauti, na shangazi wa bibi-arusi.

"Inazunguka tu, Mama. Haitaki kushika."

"Mutoto wetu iko kanisani anatungojea, na weye unatuambia inazunguka!"

Hakorimana aliinama. "Dada Bibiche, iache hivyo. Nitaenda polepole."

"Hapana."

"Gari ni yangu."

"Watu si wako," alisema Bibiche, akaweka gurudumu nyuma yake na kulikalia.

Wanakwaya walinung'unika. Mmoja alisema ndiyo maana kazi hii ni ya wanaume. Bibiche alisikia, na uso ulimwaka, lakini aliendelea kuitazama rotile. Alikuwa anawaza. Msumari ule ni mwembamba juu na mnene chini. Ukisukumwa kwa nguvu ndani ya tundu lake utabana wenyewe. Alirudi chini, akaweka kriki moja kwa moja chini ya rotile, akapandisha. Gari zima likainuka badala ya msumari kubana. Bila watu na mizigo lilikuwa jepesi mno.

Akasukuma gogo chini ya chasi, likabakiza nafasi ya vidole tu, ili gari likiteleza lisimwangukie mtu. Akamsogelea kiongozi wa kwaya.

"Mama, naomba munisaidie. Mukalie mbele ya gari. Ninataka uzito."

Mama Joséphine-Marie aliitazama jeep, akaitazama liputa yake, kitenge alichokivalia harusi.

"Unataka nikae juu ya motere?"

"Njo vile, Mama. Weye na wengine."

Mama alitandika gunia juu ya boneti, akapanda, akajiweka sawa. "Kuyeni!" aliwaita wenzake. "Munangoja nini?" Wakapanda, wengine wakasimama kwenye bampa. Springi ikalia, mbele ya gari ikashuka. Bibiche akapiga kriki mara chache, akashika kle. Safari hii msumari ulitulia. Ekru ikaanza kuwa ngumu mkononi, ikaendelea, mpaka akalazimika kuegemea kle kwa kifua.

"Imeshika!" alipaza sauti kutoka chini.

Walishangilia kama vile wameona mpira ukiingia golini. Bibiche alirudisha gurudumu, akatikisa, hapakuwa na mlio. Kisha akakagua upande wa kulia.

"Na hii nayo imechoka," alimwambia Hakorimana. "Leo itakufikisha. Ukishuka, pita hapa."

Walifika wakati padre anamaliza mahubiri, wakaimba nyimbo zilizobaki. Kesho yake jeep ilishuka na kusimama mbele ya turubai. Mama Joséphine-Marie alimpa Bibiche nyama iliyofungwa katika jani la mgomba.

"Jana nilikusema vibaya," alisema.

"Mulikuwa na haraka, Mama."

"Haraka, ndiyo. Lakini kule kwenye makorongo niliangalia chini, nikaikumbuka ile rotile."

Bibiche alinawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, akala akiwa amesimama. Hakorimana alikuwa tayari analegeza gurudumu la kulia.