Safu ya Sababu

Katika shule yetu ya sekondari hakuna aliyemwita karani kwa jina lake. Tulimwita Bi Takwimu, naye akaitika. Alikuwa mama mfupi, miwani yake imefungwa uzi kwenye bawaba, na ofisi yake ilikuwa kona ya chumba cha walimu, nyuma ya kabati la vitabu vilivyoliwa na mchwa. Meza yangu ilipakana na yake, kwa hiyo haya sikuhadithiwa na mtu.

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kuhesabu watoto. Ukitaka kujua ni wasichana wangapi walioacha shule kidato cha pili mwaka ule paa la maabara lilipong'oka, alikutajia bila kufungua jalada. Tulizoea kumtania. "Bi Takwimu, leo nimepiga chafya mara ngapi?" Naye hujibu bila kuinua uso, "Tatu, na moja hukuziba mdomo." Mimi aliniudhi mara nyingi, maana nikisema karibu darasa zima limefeli, hunisahihisha mbele ya wenzangu: "Kumi na tisa kati ya arobaini na watatu, mwalimu. Usitie chumvi."

Mwaka juzi shule ikashika mkia. Mkuu wa shule aliitwa kwa wakubwa zake, akarudi amenywea. Alikuwa ameambiwa kwamba wastani usipopanda atahamishwa, naye alibakiza miaka mitatu tu astaafu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. Alimwomba Bi Takwimu amtengenezee jedwali linaloonyesha wanaofeli ni akina nani na wanatoka wapi.

Bi Takwimu alifurahi kama bibi harusi. "Nimelisubiri swali hili tangu niajiriwe," aliniambia.

Alilifanyia kazi wiki sita. Kwanza alizitupa anwani zote zilizomo kwenye fomu, kwa sababu wazazi huandika anwani ya shangazi anayekaa karibu na shule. "Anwani inadanganya," alisema. "Shule ya msingi aliyotoka mtoto haidanganyi." Basi akawapanga wanafunzi wote mia nne na kumi na wawili kwa shule za msingi walizotoka. Shule hizo zilikuwa tatu: mbili za hapa mjini, na moja ya kule machimboni, ambako watu huishi kwa kuponda mawe kuwa kokoto. Wa machimboni walikuwa tisini na sita. Waliofeli kati yao walikuwa sabini na mmoja.

Hakuishia hapo. Asubuhi moja alivaa raba za mwanawe akaipima njia ya machimboni kwa miguu yake: saa mbili na dakika kumi. Kisha akawaita wale tisini na sita, mmoja mmoja, akawauliza wanaamka saa ngapi, wanasomea wapi, wamekula nini. Majibu aliyaandika kwenye safu ya mwisho ya jedwali, safu ya kumi na mbili, juu yake akaandika "Sababu." Alinipa nisome. "Akirudi huponda kokoto na mama yake hadi giza liingie." "Mto ukijaa hulala kwa watu." "Hana taa." Miaka tisa niliwafundisha hesabu watoto wa machimboni na kuwaita wavivu. Niliona aibu, sina neno jingine.

"Mtu akisoma safu hii atajenga bweni," Bi Takwimu alisema. "Hawezi kuisoma akakaa tu."

Aliamini hivyo kwa dhati. Kwake yeye, tarakimu ikiwa sahihi ilikuwa imeshamsukuma mtu. Sidhani kama mwalimu yeyote pale angekosea namna hiyo, maana sisi tumekaa kwenye vikao.

Bodi ya shule ilipokutana nilikuwemo kama mwakilishi wa walimu. Karatasi ziligawiwa. Jedwali lilikuwa pana, mashine ilichapa safu kumi na moja kwenye ukurasa, na ile ya kumi na mbili ikaitoa kwenye karatasi za peke yake. Karatasi za ofisi zilikuwa haba, kwa hiyo hizo za safu ya mwisho mkuu hakuzitolea nakala. Wajumbe wakaona machimboni, tisini na sita, sabini na mmoja.

"Kumbe tatizo lenyewe ndilo hili," alisema mwenyekiti, na uso wake ukakunjuka.

Robo saa haikuisha. Ikaamuliwa kwamba kuanzia mwaka unaofuata, waliosoma shule ya msingi ya machimboni wasipokelewe kwetu, wasubiri hadi watakapojengewa sekondari yao. Itajengwa lini, hakuna aliyeuliza. Niliinua mkono nikasema kuna sababu zao.

"Zimeandikwa wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Kuna safu nyingine."

Akageuza karatasi yake huku na huku. "Mimi siioni, mwalimu."

Nikakaa. Ningeweza kutoka nikazilete zile karatasi, ofisi ilikuwa hatua thelathini tu. Sikutoka. Na mimi nilishachoka na watoto wanaosinzia darasani, afadhali niseme ukweli.

Bi Takwimu aliposikia, alikusanya karatasi zake akaingia kwa mkuu. Alikaa humo muda mrefu, akatoka nazo vilevile.

"Amezisoma?" nikamuuliza.

"Zote. Kaniambia, mama, sababu nazijua, hata mimi nimelelewa na kokoto. Lakini sababu haziongezi wastani."

Nilitamani kosa lingekuwa la mashine.

Sasa, binti yake Bi Takwimu aliolewa huko machimboni, na mtoto wa kwanza wa binti huyo ndiye aliyekuwa akimaliza shule ya msingi mwaka ule. Tulimjua. Siku za likizo alikuja kwa bibi yake, akakaa chini ya dirisha letu akisoma mitihani ya zamani tuliyokuwa tunataka kuitupa. Matokeo yalipotoka alikuwa na alama mia mbili arobaini na tatu kwa mia tatu, wa kwanza shuleni kwao. Waliopokelewa kwetu mwaka ule, zaidi ya nusu walikuwa chini yake. Najua, kwa sababu bibi yake ndiye aliyechapa orodha na mimi ndiye niliyehakiki.

"Andika kwamba anakaa kwako," nilimnong'oneza. "Nyumba yako iko hapo nyuma tu."

Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kitenge. "Anwani hawaiangalii tena, mwalimu. Wanaangalia shule ya msingi. Nani aliwafundisha?"

Hata hivyo alijikaza akaenda kwa mkuu, akamwomba ampokee huyo mmoja tu. Mkuu alimwambia kwamba akimpokea mjukuu wa karani wake, wazazi wengine wa machimboni watamuuliza, naye hatakuwa na jibu. Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililotumaliza nguvu.

Orodha ilibandikwa Jumatatu. Mtoto alifika akiwa na vumbi hadi magotini, akaisoma kutoka juu hadi chini, akairudia kwa kidole. Kisha akaingia chumba cha walimu, akatuamkia wote, akasimama mbele ya meza ya bibi yake.

"Bibi, jina langu halipo."

"Nimeona, mjukuu wangu."

"Walikuwa wanachukua kuanzia alama ngapi?"

Niliacha kuandika. Alama ya mwisho iliyopokelewa ilikuwa mia moja tisini na nane, na mtu aliyeijua kuliko wote alikuwa ameketi pale. Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akitaja tarakimu isiyo sahihi, hata kwa mzaha.

"Mia mbili hamsini," alisema Bi Takwimu.

Mtoto akahesabu kimoyomoyo, midomo ikichezacheza. "Kumbe zimebaki saba tu."

"Saba tu."

"Basi nitarudia darasa la mwisho. Mwalimu wetu alisema mtu akitaka kurudia, anakubali. Mwakani nitazivuka, bibi. Wewe utaona."

Bi Takwimu alinitazama mimi, si mtoto. Nilijua anachoniomba, nimwambie mtoto lile lililomshinda yeye. Nikainamia madaftari yangu.

"Sawa," akamwambia mjukuu wake. "Soma sana."