Mashine Niliyoifundisha Kusema "Nimepokea"

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya Mfunguo Mosi, sikukuu ya Idi imeshapita lakini visheti bado vimo bakulini, nilipofanya ujinga ambao mpaka leo nikiufikiria masikio yananiwaka. Kaa nikuhadithie. Na pale nitakapojisifu, nivumilie; nimezeeka, na mzee akinyimwa sifa anaugua.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nimerudi Pemba na cheti changu cha kompyuta, kichwa kimevimba kama andazi. Maalim Khatibu, mwalimu mstaafu wa hapa Chake Chake, alikuwa ameanzisha maktaba ya sauti, akanipa kazi. Watu wakimletea kaseti za wazee wao waliotangulia: darasa za msikitini, maulidi, mabibi wakitoa ngano, hadithi za kale. Kaseti zinaoza kwa unyevu, nasi tunazihamishia kwenye kompyuta.

Mashine zetu zilikuwa tatu: Konde, Wete na Chake. Kaseti ikiingizwa Konde, programu huikata sauti vipande vipande, ikavituma kwa mtandao Wete na Chake, ili mashine moja ikifa, sauti isife nayo. Inayopokea hujibu, "Nimepokea." Hapo Konde, ambayo diski yake ilikuwa ndogo, hukiweka kipande kile upande wa vya kufutwa, na kila alfajiri huvifuta. Mpango wote huo niliufunga mimi, kwa mikono hii. Usione vyaelea, mwanangu, vimeundwa.

Sasa sikiliza kosa. Siku mbili kabla ya Idi niliiwekea mashine ya Konde toleo jipya la programu. Wete na Chake nikaziacha na toleo la zamani. Nyumbani kulikuwa na nguo za kushona na visheti vya kukaanga, nikasema nitazimalizia baada ya sikukuu. Maelezo yaliyokuja na toleo lile sikuyasoma. Mimi nisome maelezo? Thubutu!

Niliporudi kazini, skrini ya Chake imejaa maandishi mekundu: ujumbe haufahamiki, ujumbe haufahamiki. Wa kwanza unapita, wa pili unakataliwa, wa tatu unakataliwa, na Konde inatuma tena na tena. Nikailaumu laini ya mtandao. Nikailaumu mvua. Nikamgombeza kwa simu bwana wa watu anayeangalia mashine ya Konde, naye masikini hajui hili wala lile. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilimwuliza nani? Niliona hakuna wa kumwuliza.

Adhuhuri nikachoka na ule wekundu. Nikaandika mstari mmoja tu katika programu za Wete na Chake: ujumbe usiofahamika, jibu "nimepokea", upite. Wekundu ukatoweka. Skrini safi, kijani kitupu.

"Umeujua ugonjwa wake?" akaniuliza Maalim.

"Umekwisha, Maalim," nikamjibu, na kidevu nimekiinua juu.

Hebu ona, hilo silo aliloniuliza.

Kesho yake akaja Bi Mize, mama wa makamo, mchumaji karafuu, katoka Msuka. Kaseti ya marehemu baba yake iliingizwa Konde siku moja kabla ya Idi, na utepe wenyewe uliliwa na redio palepale baada ya kunakiliwa. Kwa hiyo sauti ya mzee yule haikuwapo popote duniani ila kwetu. Nikamketisha, nikafungua spika. Mzee akaanza, "Bismillahi Rahmani Rahim," sauti nzito, ya pole. Bi Mize akashika mdomo kwa mtandio, machozi yanamtoka huku anacheka. Dakika mbili hazikutimia, kimya. Tukangoja. Kimya.

Bi Mize akanitazama. "Mwanangu, mbona baba kanyamaza?"

Maalim Khatibu akasogeza kiti. Hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Ulifanya nini jana?" Nikamweleza.

"Kwa hiyo mashine imejibu kuwa imepokea. Imepokea nini?"

"Haikufahamu, Maalim."

"Basi imesema uongo. Na aliyeifundisha ni wewe, binti yangu. Ilipokuwa ikipiga kelele ilikuwa inakwambia kweli, wewe ukaiziba mdomo."

Mbele ya mgeni, mwanangu! Niliona aibu, lakini hofu ilinishinda aibu. Nikapiga simu Konde: "Ichomoe mashine mtandaoni, na lile agizo la kufuta lizime, sasa hivi!" Vipande vitatu vya mwisho, maana programu ikirudia kutuma huanzia nyuma, vilikuwa vimeshafutwa alfajiri ile. Vilivyobaki, kwa kuwa laini yetu ilikuwa ya kobe, vilijibiwa asubuhi hiyo na vilikuwa vinangoja alfajiri ya pili. Alhamdulillahi kwa laini mbovu. Lakini kuvituma upya kulitaka kwanza mashine zielewane, nami sikujua kwa nini hazielewani. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi niliyaficha maradhi yenyewe nikayasahau.

Nikauchapa ujumbe mbichi kama ulivyotoka Konde, namba tupu, karatasi saba. Nikakaa mkekani na penseli. Bi Mize akakataa kuondoka. "Siendi Msuka mie," akasema, "baba yangu yuko njiani." Akakaa karibu yangu, tukahesabu pamoja, mimi natia alama, yeye anataja.

Kila ujumbe huanza na kichwa chenye namba nne, na kichwa hicho hutaja urefu. Kichwa kinasema ishirini na nne, nikihesabu mwili unaofuata, ishirini. Karatasi nyingine, kinasema arobaini, mwili thelathini na sita. Nikahesabu hadi macho yakauma.

"Kila mahali zinapungua nne," nikanung'unika. "Haiwezekani!"

"Kwani hawa wanapima na kilele?" akauliza Bi Mize.

"Vipi?"

"Shamba si ndo ugomvi wetu kila msimu! Mwenye shamba pishi yake anataka ya kilele, imefurika mpaka juu, mchumaji anakupa ya mfuto, kaifuta kwa kiganja. Na wote wanakwambia pishi moja."

Yarabi! Nikasimama kama niliyekanyaga kaa la moto. Toleo jipya lilihesabu kichwa pamoja na mwili. La zamani lilihesabu mwili peke yake. Ikiambiwa ishirini na nne, mashine ya zamani ilisoma mwili wote, kisha ikaongeza nne ikala kichwa cha ujumbe wa pili, na kuanzia hapo kila kitu kikawa takataka. Laini haikuwa na kosa, mvua haikuwa na kosa, na bwana wa Konde nilimwomba radhi siku hiyohiyo. Mimi na vyeti vyangu sikuliona. Aliliona mchumaji karafuu wa Msuka. Nilimkumbatia, na mpaka leo namtaja kwa fahari kila ninapofundisha.

Nikaufuta ule mstari wangu. Nikaiwekea Chake toleo jipya, nikapanda gari kwenda Wete nikafanya vilevile. Jioni kabla ya Magharibi Konde ikarudishwa mtandaoni, vipande vikaanza kuingia, kimoja kimoja, na kila kimoja kimefahamika. Niliporudi Chake, Bi Mize alikuwa palepale. Nikamfungulia, darasa la mzee likasikika tangu mwanzo, halikukatika, mpaka karibu na mwisho. Hapo ndipo vilipokosekana vile vitatu. Dua ya kufungia darasa ilikuwa imekwenda, na hakuna wa kuirudisha.

Nikamwambia kwa mdomo wangu, "Bi Mize, hii nimeipoteza mimi. Nisamehe." Sikutaja mashine.

Akavuta kipaza sauti. "Dua ile aliisoma kwetu kila siku baada ya Alfajiri. Washa." Akaisoma yote, sauti inamtetemeka mwanzo, halafu ikasimama imara. Maalim Khatibu akaitikia amini mpaka mwisho.

Ukienda maktaba leo utaikuta. Katika orodha nimeandika kwa mkono wangu: darasa ni la baba, dua ni ya bintiye, na aliyeipoteza dua ya asili ni mimi, jina langu kamili. Nina vyeti ukutani, mwanangu, lakini ninachojivunia ni mstari ule wa orodha.

Basi nasaha yangu ni hii. Usijibu "nimepokea" kwa jambo usilolifahamu, si kwa mashine, si kwa mwalimu, si kwa mumeo au mkeo. Kosa likipiga kelele, lisikilize mpaka uijue sababu yake. Ukibadilisha kipimo, wabadilishie na wenzako siku hiyohiyo, na visheti vingoje. Aliyekaa karibu yako mkekani mwulize, hata kama hajawahi kugusa kompyuta. Na ukipoteza, sema umepoteza wewe.

Mola akupe masikio yanayosikia, akupe ulimi usioogopa kukiri, na kazi ya mikono yako aitie baraka, watoto wako waione waseme: hii kaifunga mama yetu, hii kaifunga baba yetu. Amin.