Shati langu nje ya geti

Jamani, leo nusura nimpoteze mbwa wa watu!

Posho namlea tu hapa Bukoto, Kampala, hadi chama cha kuokoa mbwa kimpatie mtu wa kumfuga.

Nimemvua mkanda wa shingoni nimwogeshe, mgeni akafungua geti, Posho huyoo!

Nikampigia simu Achieng wa chama.

"Usimkimbize, mzee. Tandika nguo uliyovaa jana nje ya geti afuate harufu yako, ukae kimya."

Nikatandika shati, nikakaa chini. Magari yanapita kasi.

Jirani akapita, akaniita bwana kwa Kiganda: "Ssebo, mke amekufukuza?"

Mke wangu, asiyetaka mbwa, akatoka akaiweka leso yake ya kujifunga kando ya shati.

Posho akarudi. Akalinusa shati, akalipita, akajilaza kwenye leso.

Mama watoto bado amemkumbatia.

Jumamosi watu wa chama wanakuja kumchukua Posho. Nani atamwambia mke wangu?