Mwana Aliyeitikia Kila Kitu

Joho la wakili ukilipiga pasi vibaya linang'aa mgongoni, na Mama Pasi hakuwahi kung'arisha joho la mtu. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya mahakama, kimebanana na ukuta wa choo cha makarani, na humo alisimama miaka nenda miaka rudi akinyoosha kola za watu wanaolipwa kwa kusema. Kazi yake yeye haikuhitaji maneno. Nyumbani ndiyo kabisa, kwa kuwa mwanawe wa pekee alizaliwa kiziwi.

Walijitungia lugha yao wawili. Kuvuta ncha ya sikio maana yake shangazi, kwa ajili ya hereni zake kubwa. Kupuliza vidole maana yake chai iko tayari. Shule ya viziwi ilikuwa mbali, na kila alipompeleka aliambiwa nafasi zimejaa, arudi mwakani. Huo mwakani haukufika hadi mtoto akaota ndevu.

Ishara moja ilikuwa na historia yake. Mtoto akiwa bado mdogo, askari mmoja alimuuliza jambo njiani asijibiwe, akadhani anadharauliwa, akamzaba kofi lililomvunja jino. Mama alilia mpaka macho yakavimba. Kisha akaketi na mwanawe sakafuni, akaweka kiganja juu ya paji la uso kama ukingo wa kofia, akamfundisha: ukimwona mwenye kofia, au mwenye suti, au yeyote aliyetunisha mishipa ya shingo, mtazame, tabasamu, itikia kwa kichwa. Itikia tena. Mwenye nguvu mpishe. Samaki hukunjwa angali mbichi, na huyu alikunjika vizuri, hakupigwa tena. Majirani wakamsifu mama kwa malezi, wakampa mtoto jina la Mpole.

Mpole akawa msukuma mkokoteni, kijana mwenye kifua na asiye na ubishi wa bei. Siku moja mtu alimkodi ampelekee magunia mawili. Polisi wakamsimamisha, wakayafungua, wakakuta nyaya za umeme zilizokatwa nguzoni. Mwenye magunia alikuwa ameshayeyuka zamani.

"Umeiba wewe?" wakamuuliza.

Walikuwa na kofia. Mpole akatabasamu, akaitikia.

Mama aliposikia kwamba mwanawe atapewa mkalimani mahakamani, moyo ulimtulia kidogo. Ilikuwa haki yake, sheria mpya kabisa, na wakubwa walipigwa picha siku ya kuitia saini. Siku ya kesi alifunga kibanda, akaenda kukaa benchi la nyuma.

Mkalimani alikuwa binti, mwalimu wa shule ileile iliyojaa, mwenye vidole vyepesi na roho nzuri. Aliuliza kwa ishara za darasani. Mpole aliviangalia vile vidole kama mtu anayetazama mvua dirishani. Kisha akaitikia.

"Amekiri?" hakimu akauliza.

"Mheshimiwa, ameitikia. Lakini sina hakika kama ananielewa. Nadhani hizi ishara hazijui."

"Ameitikia au hakuitikia?"

"Ameitikia."

"Karani, andika."

Sheria ilisema awepo mkalimani. Mkalimani alikuwepo, ameketi, amewekewa na maji ya kunywa. Hao waliopigwa picha hawakuandika popote kwamba watu wawili lazima waelewane.

Mama Pasi alijikuta amesimama. "Mheshimiwa, huyo anaitikia kila kitu! Ni mimi niliyemfundisha!"

"Mama, keti."

"Nitaketi. Kwanza mkalimani amuulize kama ameniua mimi. Muulizeni kama amemuua mama yake! Ataitikia!"

Watu wakacheka. Binti, machozi yakimlenga, hakungoja ruhusa. Akauliza, akimwonyesha mama kwa kidole na kupitisha mkono shingoni, ishara ambayo hata asiyesoma anaifahamu. Lakini Mpole hakuwa akitazama mikono. Aliitazama shingo ya hakimu, akaiona imetuna, akatabasamu kwa adabu zake zote, akaitikia. Kicheko kikakatika.

Hakimu alivua miwani. Kwa muda ule mfupi mama alidhani mlango umefunguka. Kisha hakimu akairudisha miwani machoni, akasema mahakama si jukwaa la maigizo, ndugu wa mshtakiwa haruhusiwi kutafsiri wala kuelekeza maswali, na mwenye malalamiko njia ya rufaa iko wazi. Miaka mitatu. Mpole alipoona watu wote wamemgeukia, akaitikia hiyo pia. Joho la hakimu lilikuwa limenyooka barabara, na mama alijua limenyooshwa na nani.

Baadaye alikuja kibandani wakili wa msaada wa bure, kijana mwenye shati la makunyanzi.

"Mama, rufaa imepokelewa. Nimeomba majaji wamwone wenyewe. Wakimuuliza, akitikisa kichwa kukataa, mara moja tu, kule kukiri kote kunaporomoka. Nenda ukamfundishe kukataa."

"Watamwona lini?"

"Foleni ndefu. Labda mwakani."

"Nitamfundisha," mama akasema. Tangu kesi iishe hakuwa amepata jambo la kumfanyia mwanawe kwa mikono yake, na sasa amelipata. Usingizi ulimruka kwa hamu.

Chumba cha wageni gerezani kilikuwa na meza za saruji na askari jela mmoja mlangoni. Mpole alikuwa amekonda lakini hana alama mwilini. Mama hakupoteza muda. Akaweka kiganja juu ya paji la uso: kofia. Mpole akaitikia haraka. Mama akamshika mkono: sivyo. Kofia, halafu tikisa. Mpole akakunja uso. Mama akarudia, akarudia, mpaka mtu mzima yule akatikisa kichwa kushoto na kulia, taratibu, kama anayejaribu kiatu kipya. Akacheka. Mama alikuwa hajakiona kicheko kile tangu akamatwe.

Mlangoni akapitishwa mfungwa mwingine, mkono umening'inizwa kwa kitambaa, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Askari jela akaona mama anatazama.

"Huyo usimwonee huruma, mama. Aliambiwa azoe vinyesi, akasema hapana. Wako hana matata. Wako ukimwambia lolote anaitikia. Ndiyo maana unamwona mzima."

Mwanawe hakujua jaji ni nani na askari jela ni nani. Wote mama mwenyewe aliwavisha kofia moja. Akajaribu kuwatenganisha. Akachora joho mabegani kwa mikono, refu mpaka magotini. Mpole akaangaza chumbani, akaona mabega ya askari jela yana nyota, uso ukamng'aa: huyu! Mama akakataa kwa mikono, akachora upya. Huyu, Mpole akasisitiza. Na jaji alikuwa mwakani, askari jela alikuwa leo, na kesho asubuhi, na kila asubuhi.

"Muda umekwisha. Wewe, inuka," askari jela akasema, akasogea.

Mpole akamtazama. Akamgeukia mama kwa fahari, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, akaanza kutikisa kichwa.

Mama aliirukia meza. Alimshika kile kichwa kwa mikono miwili, akakizuia, akakisukuma chini, akakiinua, akakisukuma chini tena, mpaka kikaanza kwenda chenyewe.

"Anasemaje?" askari jela akauliza.

"Anasema sawa, afande."

Wakili alikuwa anamngoja nje ya lango, kajikinga jua kwa mkoba wake. "Vipi, mama, ameweza kujifunza?"

"Ameweza," mama akasema. "Anajifunza upesi sana. Nimemwambia asahau."