Milioni Moja na Moja

Yule mwalimu mkuu wa hesabu sikumpenda tangu nilipopangiwa kufundisha shule ya Mtae, ila siku ya kusahihisha mtihani wa darasa la sita nilimchukia kabisa. Aliwauliza watoto kama 1,000,001 ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Mwenyewe alijaribu kuigawa kwa namba ndogondogo, alipofika kumi na tatu akachoka, akaamua kuwa ni tasa. Kila mtoto aliyekataa akawekewa kosa.

Niliingia ofisini nikiwa nimefura. “Inagawanyika kwa 101. Unapata 9,901 kamili.”

Akaweka kalamu nyekundu mezani. “Shikamoo yangu iko wapi?”

Walimu wenzangu wakanitazama kana kwamba nimemzaba kofi. Kwetu huku milimani mkubwa hasemeshwi kabla hajaamkiwa, hata akiwa anaharibu kazi. Nikameza hasira.

“Shikamoo.”

“Marahaba,” akaitikia kwa raha zake, akaokota kalamu, akaendelea kuwakosesha watoto wa watu.

Hiyo 101 hakuijaribu hata mara moja. Na namba ile inagawanyika kwa 101 mpaka leo, nimwamkie nisimwamkie.